Kofia Saba Misumarini

4 Februari

Mdogo wangu Mfuko,

Salamu nyingi kutoka huku mbali. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa siku mbili za kukaa safarini. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie ile dawa ni ya kuchua, si ya kuwekwa juu ya kabati iangaliwe. Na shangazi mwambie nimefika na masanduku yote mawili, kwa hiyo ile ndoto yake ya kwamba nitaibiwa aipeleke kwa mtu mwingine.

Chumba nilichopewa kiko ghorofa ya tatu, kina kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kazi yenyewe ni kupiga picha vitu vya kale, kimoja baada ya kingine, katika bohari la jumba la makumbusho: vyungu, funguo, viatu vya watu waliokufa zamani. Havikonyezi, havikohoi, havisemi "nirudie, nilifumba macho". Wateja wa namna hii baba angewapenda sana.

Sasa nije kwenye jambo hasa lililonikalisha mezani. Kofia.

Najua umeshaanza kucheka. Cheka, lakini soma. Watu wengine huziita vifuniko vya lenzi na kuzipoteza kila wiki. Baba aliziita kofia, na katika miaka kumi ya mwisho hakupoteza hata moja, kwa sababu ya kanuni yake. Nairudia ingawa unaijua. Lenzi ikilala kabatini, inalala na kofia yake. Lenzi ikitoka kwenda kazini, hata kama ni harusini, inasafiri ndani ya mfuko wake wa kitambaa, na kofia inabaki nyumbani, imetundikwa kwenye msumari wake ukutani. Si mfukoni, si mezani, si juu ya redio, maana kofia ikitoka nje haijui njia ya kurudi. Jioni, kabla ya kufunga mlango, unatazama ukuta. Misumari yote saba iwe mitupu. Ukiona kofia inaning'inia, ujue kuna lenzi haijarudi, na huondoki mpaka irudi.

Kabla sijaondoka nilizitia zote nukta mpya za rangi ya kucha. Nyekundu ni ya Bibi, lenzi kubwa ya sura za watu. Buluu ni ya Shingo, ile ndefu. Ya Kibushuti, ile fupi, haikuhitaji rangi, ina alama za meno yako tangu ulipokuwa na miaka sita na njaa isiyosubiri baba amalize kazi. Hizo nyingine nne utazijua.

Usione nakusumbua. Tangu tumzike baba, ile studio ndiyo kitu chake pekee kilichobaki duniani. Ni mwaka mmoja tu. Januari nikirudi, mimi nashika studio na wewe unakwenda kwenye karakana yako ya friji kujifunza ufundi unaoupenda. Nilisema mbele ya mama, na ahadi ni deni.

Dada yako.


1 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu juu yake, lakini imefika. Mama mzima. Dawa anachua, ila anachua goti lisilouma, anasema lile linalouma linauma akiligusa. Shangazi amesikitika kidogo kwamba hukuibiwa.

Kanuni nimeisoma. Dada yangu, mimi ndiye niliyesimama kando ya baba na kofia mifukoni kabla hajapigilia misumari, mpaka nikapewa jina la Mfuko na watu wakasahau lile lingine. Hiyo kanuni naijua kuliko njia ya kwenda chooni. Lakini nikuambie kweli, nimeshaivunja mara moja. Jumamosi kulikuwa na harusi na vumbi jingi, nikaona huruma, nikaenda na kofia ya Shingo. Nilipomaliza haipo. Nilitafuta chini ya meza, ndani ya maua, nikapekua mpaka zawadi za watu. Siku mbili baadaye mama wa bibi harusi akaja studio kulalamika kwamba kifuniko cha poda yake hakifungi. Kilikuwa na nukta ya buluu. Alikuwa amekipaka poda pande zote mbili.

Tabasamu naye alikuwapo siku hiyo, amealikwa kama mgeni. Kwenye studio yake ng'ambo ya barabara bado anawapigia wateja kelele "tabasamu, tabasamu!" mpaka wanatoka na sura za watu waliotishiwa. Alinisalimu. Najua baba hakusema naye miaka ishirini, tangu alipoichukua ile picha ya maharusi kwenye mvua aliyoipiga baba, akaiweka dirishani kwake kama yake. Lakini mimi nilikuwa nimechoka na kinywa hakikuwa na kazi, nikaitikia. Usinune.

La kwangu ni moja. Fundi mkuu wa karakana amekubali kunishikia nafasi hadi Januari, haizidi hapo. Anataka jibu la maandishi kabla Juni haijaisha. Naomba unijibu hili peke yake, hata kwa kipande cha karatasi: Januari unarudi?

Mdogo wako,
Mfuko.


15 Juni

Mdogo wangu Mfuko,

Marahaba. Najua nimechelewa, nisamehe, kazi imenikaba. Mama na shangazi wote wazima? Huku mvua imenyesha wiki nzima, nguo zangu zinakauka kwenye mgongo wa kiti.

Nimeicheka ile kofia ya poda mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Sasa sikia ya kwangu. Huku hawana misumari wala kanuni, kila mpiga picha anaweka kofia anapopaona. Mwezi uliopita yangu ikapotea. Nilitafuta wiki nzima kwa magoti. Kumbe ilikuwa imeangukia ndani ya chungu cha kale, na yule mzee anayeorodhesha vitu akaikuta, akaifuta vumbi kwa brashi, akaipa namba na kuiandikia kikaratasi: "Kitu cheusi, cha duara, matumizi yake hayajulikani." Iko rafuni, na kuitoa kunahitaji saini tatu. Ningeomba, lakini naona aibu.

Bohari lenyewe ni refu, mtu akikohoa mwisho wa pili unamsikia baadaye. Nina meza yangu, taa zangu nne na mtu wa kunibebea vitu. Jana mkuu wetu alisimama nyuma yangu akaangalia picha ya kiatu, akasema hajawahi kuona ngozi ikikaa hivyo kwenye karatasi. Baba angesikia hilo.

Uwe unafungua madirisha ya studio asubuhi. Kabati likifungwa siku nyingi lenzi huota ukungu ndani, na ukungu ukishaingia hautoki. Na kofia je? Hujaniambia kama zote ziko sawa. Niandikie hilo nipate usingizi.

Mengine tutazungumza tukionana, barua haina nafasi ya kila kitu.

Dada yako.


2 Septemba

Dada,

Natumaini hujambo. Mama hajambo, goti limepungua. Shangazi amehamishia malalamiko yake kwenye bati la jirani.

Kazi ipo. Joto ni jingi. Hapa nyumbani hakuna jipya la kukushughulisha.

Kuhusu kofia, ondoa wasiwasi. Kila jioni nazitazama kabla ya kufunga mlango. Zote saba zinaning'inia kwenye misumari yake, hata moja haijapotea. Jumapili nilizipangusa vumbi kwa kitambaa laini. Nukta zako za rangi ya kucha bado zinang'aa.

Sijui kama huko Januari ni mwezi wa baridi. Uwe na nguo nzito.

Mfuko.


19 Septemba

Mfuko,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha hivyo. Wewe safari hii hukuniamkia, na mara ya kwanza kusoma sikugundua, kwa sababu jicho langu lilikimbilia kwenye kofia kama ninavyojijua.

Nilifurahi. Nataka ulijue hilo. Niliikunja barua nikaitia chini ya mto nikisema mdogo wangu amekua. Asubuhi nikiwa napiga mswaki nikasimama na povu mdomoni.

Zote saba zinaning'inia? Jioni? Kabla ya kufunga mlango?

Jioni misumari inatakiwa iwe mitupu. Kofia ikiwa msumarini lenzi iko nje. Hata kama ungekuwa na harusi tatu siku moja, huwezi kutoa lenzi saba, mikono unayo miwili. Na unaniambia Jumapili ulizipangusa vumbi. Kofia iliyotundikwa asubuhi na kutunguliwa jioni haiwezi kupata vumbi.

Lenzi ziko wapi?

Kama wezi wameingia, niambie, sitakulaumu. Kama umeanguka nazo, niambie, vitu huvunjika. Nimejaribu kila sababu inayokuacha ukiwa ndugu yangu, na nimekaa nazo hapa mezani, hakuna hata moja inayoeleza kwa nini uliandika barua nzima bila kutaja lenzi. Nijibu upesi, na usinijazie karatasi kwa goti la mama.

Dada.


28 Oktoba

Dada, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara tano. Goti la mama limepona, nalitaja kwa sababu ni kweli na kwa sababu umenikataza.

Lenzi ziko kwa Tabasamu. Nilimpelekea mwenyewe mwezi wa Julai, zote saba, kila moja ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Sikumwuzia. Nilimpa. Studio nimeifunga tangu wakati huo, na mimi niko karakana kila siku, najifunza friji.

Sasa soma na haya, maana ulisema barua haina nafasi ya kila kitu.

Tarehe ishirini Mei bahasha ilifika studio, imetoka huko kwenu. Jina lako juu, anwani yetu chini. Nikadhani ni jambo la hatari, nikafungua. Ilikuwa nakala ya mkataba wako mpya, ambayo ofisi huituma kwa anwani ya nyumbani uliyoijaza mwenyewe. Miaka mitatu. Ulisaini mwezi wa Aprili, dada, na saini yako ilikuwa nzuri, ile ya kuandika polepole.

Sikumwambia mama. Nilisema dada ataandika, ataniambia mwenyewe. Barua yako ya Juni ilipokuja niliifungulia njiani, sikuweza kusubiri nifike. Kurasa tatu. Nikatafuta neno moja tu, hata uniambie "bado sijajua". Nikakuta mvua, nikakuta chungu, nikakuta kofia. Ulikuwa umeshasaini na ukaniuliza kofia.

Kesho yake nikaenda kwa fundi mkuu, nikamwambia Januari ni mbali, naanza Julai. Akasema njoo. Halafu nikakumbuka ulivyoniandikia kuhusu ukungu, kwamba kabati likifungwa lenzi zinaharibika. Nikatazama mtaa mzima, nani anajua lenzi ni nini na atazitumia kila siku? Ni mmoja tu. Nilipovuka barabara, usidhani sikumkumbuka baba. Tabasamu alizipokea kwa mikono miwili.

Aliniomba na kofia. Nikakataa. Lenzi zilikuwa zako, baba alikukabidhi wewe mbele yangu. Mimi tangu nina miaka sita nilipewa kofia. Wewe ukiangalia dunia kwa Bibi, mimi nimesimama nyuma yako, mifuko imejaa, nikisubiri mtu amalize. Kwa hiyo kofia ni zangu, na kweli kila jioni nikitoka karakana nafungua studio, nazitazama, nafunga. Nilipokuandikia zote saba zinaning'inia sijui kama nilisahau kanuni au nilitaka uisome mwenyewe. Hata sasa sijui.

Ulitaka nikae hivyohivyo, dada. Msumarini, mpaka wewe urudi kutoka kazini.

Usiniite tena Mfuko. Karakana wananiita Fundi, ingawa bado nachanganya nyaya.

Mdogo wako.


14 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu kwa mama na shangazi.

Ungeuza ningeelewa. Mtu huuza akiwa na shida, na shida haina adabu. Wewe umempa. Umevuka barabara kwa miguu yako na kumpelekea mtu ambaye baba alikataa hata salamu yake, mtu aliyeiba picha yake akaisimamisha dirishani ili baba aione kila asubuhi akifungua mlango. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikilisikia nikidhani ni la watu wengine.

Kuhusu mkataba. Ndiyo, nilisaini. Nilitaka kukuambia ana kwa ana. Hapana, futa hilo, si kweli, nilijua sina safari ya karibu. Niliandika ukurasa wa kwanza wa ile barua ya Juni nikiwa nimekuambia yote, nikausoma, nikauchana, nikaweka hadithi ya chungu badala yake. Huku watu husimama nyuma yangu kuangalia ninavyofanya kazi. Nyumbani nilikuwa mtoto wa mpiga picha, na wateja walikuwa wakiingia wananiuliza mwenyewe yuko wapi hata baada ya kumzika. Nilitaka hiki na nilitaka studio inisubiri. Mtu akitaka vyote viwili lazima amweke mwingine mlangoni, na nikakuweka wewe, bila kukuuliza. Haya nimeyasema. Kuyasema hakunipunguzii hasira yangu hata kidogo. Mimi nilikuficha tarehe. Wewe umeyatoa macho ya baba.

Mama anajua? Alisema nini?

Nataka kofia zote saba. Zitie kwenye kifurushi unitumie. Huyo bwana amepata lenzi, hatapata kofia hata moja maadamu nipo hai. Vumbi limwingilie. Aone wenye mali wanavyokesha.

Dada.


9 Januari

Dada, shikamoo.

Kifurushi hiki ndicho ulichokitaka. Zimo saba, zihesabu. Sikuwa na boksi dogo, nikakata mfuko wa shati langu la shule, mama alikuwa amelihifadhi, nikazitia humo na kushona juu. Mshono ni wangu, usiucheke.

Mama anajua. Nilimwambia siku ileile nilipopata barua yako ya Septemba. Akasema, "Baba yako miaka ishirini hakumpa yule hata salamu. Wewe umempa kabati." Mwezi mzima alinipa chakula bila kuniangalia. Na nikamwonyesha mkataba wako pia, sitaki kukuficha. Aliusoma wote, akaukunja, akasema, "Basi nimezaa wawili wanaojua kunyamaza." Tangu hapo hajataja jambo hili. Usilitaje wewe kwanza.

Kuna jambo lingine, nalisema kwa sababu nimechoka kuficha. Tabasamu amekuja mara tatu kuomba kofia. Hapigi kelele, anakuja kichwa wazi, anasimama mlangoni. Vifuniko vya namna ile havipatikani tena, lenzi zenyewe ni za zamani. Shingo ameivalisha kopo la mafuta ya kujipaka. Kibushuti ana kifuniko cha chupa ya dawa kilichofungwa kwa mpira. Zile nyingine amezifunika kwa vitambaa, lakini vitambaa huteleza. Mwezi uliopita Bibi alipata mkwaruzo, mdogo, pembeni, ufunguo ulimgusa ndani ya mfuko. Tabasamu alikuja kuniambia mwenyewe. Dada, alikuwa analia. Nikampa kiti.

Na ile picha ya maharusi kwenye mvua ameitoa dirishani. Aliniletea nyumbani imefunikwa kwa gazeti. Nyuma yake ameandika jina la baba kwa kalamu ya wino. Ameandika amechelewa, hilo sote tunaliona. Mama ameitundika sebuleni.

Nakuambia si ili umhurumie. Nakuambia kwa sababu lenzi zinaumia, na najua wewe ukisikia Bibi ana mkwaruzo utauma mkono wako mwenyewe. Lakini uliomba kofia, nami nimetuma.

Juzi nimetengeneza friji yangu ya kwanza peke yangu. Ilikuwa imekufa kabisa. Ilipoanza kunguruma nilimtafuta mtu wa kumwambia, na nikagundua ninayemtafuta ni wewe. Nikaudhika.

Mdogo wako.


3 Februari

Fundi,

Marahaba. Salamu kwa mama, mwambie nitamwandikia yake, na sitaanza mimi. Shangazi mwambie ndoto yake ilikuwa kweli ila alikosea njia. Sikuibiwa safarini, niliibiwa nyumbani. Atafurahi kuwa alikuwa sahihi.

Hongera kwa friji. Nasema hivyo na meno yakiwa yameumana, lakini nasema.

Kifurushi kimefika. Nilikata mshono wako kwa wembe taratibu, sikutaka kuuharibu, ingawa kuku angeshona vizuri zaidi. Nikamwaga kofia mezani. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Miezi miwili nimekuwa nikimwona akilini yule bwana akihangaika na vumbi, na nilikuwa nikiingia kazini nikiwa na nguvu. Nikaomba nyundo kwa mwenye nyumba, nikapigilia misumari saba juu ya meza, nikazitundika kwa mpangilio wa baba. Halafu nikakaa kitandani kuzitazama. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua nyundo yake akauliza, "Hizo ni za nini?" Nikamrudishia nyundo yake. Nikamkumbuka yule mzee wa bohari: kitu cheusi, cha duara, matumizi yake hayajulikani.

Kofia bila lenzi si kitu, ndugu yangu. Nimeziona siku tisa. Kila jioni narudi, nafungua mlango, ukuta unaniambia lenzi haziko, nami najua ziko wapi na zinafunikwa na nini. Ulisema nitauma mkono. Niliuma.

Kwa hiyo ninarudisha sita. Zimo humuhumu, katika mfuko wako wa shati, nimeushona upya. Mpelekee Tabasamu. Usimpe mkononi tu. Mpigilie misumari ukutani kwake, umfundishe kanuni, mwanzo mpaka mwisho, na jioni ya kwanza ukae uone kama misumari imebaki mitupu. Mwambie Bibi asiwekwe tena na funguo. Mwambie hilo la picha ya baba nimelisikia, na kwamba sina la kumwambia zaidi. Lenzi hazijamkosea mtu.

Wewe bado sijakusamehe. Nadhani na wewe bado, na ni haki yako, basi tusidanganyane kwa shikamoo na marahaba. Mkataba wangu umebakiza miaka miwili na ushei na siwezi kuuvunja, na hata ningeweza sijui kama ningetaka. Hiyo ndiyo kweli, na safari hii nimeiandika kwenye karatasi ya kwanza na sikuichana.

Ya Kibushuti siirudishi. Aendelee na kifuniko chake cha chupa ya dawa. Hii ina meno yako, manne ya juu na matatu ya chini, pengo la lile lililong'oka liko wazi. Misumari mingine nimeing'oa ukutani, nimeacha mmoja. Leo asubuhi nilipokuwa natoka kwenda kazini niliitazama ikining'inia pale. Jioni nimerudi, bado inaning'inia, na nitaiacha hapohapo.

Kanuni unaijua.

Dada yako.